Maua ya kudumu Nairobi: pentasi ama jeraniamu, bogainvilia ama plambago, na mengine ya kuchagua

Kama una haraka, jibu langu ni hili: mwenye udongo mwekundu na jua la kutosha apande pentasi, mwenye balkoni ama maji ya mgao achukue jeraniamu, mwenye ukuta mrefu wa kufunika achague kati ya bogainvilia na plambago kulingana na watoto wanaocheza hapo, na mwenye udongo mweusi wa blak koton aanze na kana kabla hajafikiria kitu kingine. Lakini ua la kudumu utakaa nalo miaka, kwa hivyo wacha tuyaweke mawili mawili polepole uone ni gani linakufaa wewe, si jirani yako.

Ninaposema ya kudumu nasema yale unapanda mara moja yanakaa hapo mwaka baada ya mwaka, na tena yawe yanachanua kwa muda mrefu, manake kuna mengine ni mazuri ajabu lakini yanatoa maua mara moja kwa mwaka halafu miezi iliyobaki unaangalia majani tu. Agapanthasi ni hivyo. Mimi naipenda, vichwa vyake vya buluu vikitoka hakuna anayepita bila kuangalia, lakini mtu anayetaka rangi kila mwezi hiyo haitamtosha.

Sasa kitu cha kwanza kabla hujatoa pesa. Orodha nyingi za maua ya kiangazi utakazopata kwa intaneti zimeandikiwa watu wa Uingereza na Marekani, na kule mambo ni tofauti sana, London mwezi wa Juni mwangaza wa mchana unapita saa 16 na Desemba haufiki hata 8, kwa hivyo mimea mingi ya huko inasoma urefu wa siku ndio ijue ni wakati wa kuchanua. Nairobi tuko karibu kabisa na ikweta, siku ndefu na siku fupi hazipishani hata dakika 10, ni saa 12 na kidogo mwaka mzima. Rudbekia, ile ya manjano yenye kitovu cheusi inayosifiwa kila mahali, inangoja siku ndefu ndio ichanue vizuri, na hapa hiyo siku ndefu haiji. Pioni nayo inataka baridi kali ya miezi, baridi ambayo hata Limuru hatuna. Usidanganywe na picha kwa pakiti ya mbegu.

Hapa kwetu kinachosimamisha maua ni vipindi viwili. Kuna ukavu wa Januari hadi mvua ya Machi ianze, jua kali, udongo unapasuka na mferejini maji yanakuja siku wanazotaka wao. Halafu kuna Juni hadi Agosti, mawingu kutoka asubuhi, baridi, jua linachungulia saa nane likitaka. Kila ua nitakalotaja hapa lina kipindi kimoja kati ya hivyo viwili ambacho linaumia zaidi, na kwa maoni yangu hapo ndipo pa kuchagulia, kuliko kuangalia rangi ya petali. Jiulize ni udhaifu gani unaweza kusaidia. Kama una kisima ama tangi kubwa, ua lenye kiu si shida kwako. Kama unangoja bauza, ni shida kubwa.

Na udongo pia. Ukiwa Karen, Kileleshwa, Runda ama upande wa Kiambu una udongo mwekundu, unapitisha maji vizuri na mizizi inashuka bila taabu. Ukiwa Embakasi, Syokimau ama Kitengela una blak koton, mvua ikinyesha inashika maji mpaka viatu vinabaki matopeni, jua likiwaka inakauka ngumu na kupasuka nyufa za kuingiza mkono, na mizizi laini inakatika hapo hapo. Ua lile lile linaweza kuwa malkia Karen na likafa Kitengela kabla ya mwaka kuisha.

Pentasi na jeraniamu

Haya mawili ndiyo nayaweka juu kwa kibustani cha kawaida mbele ya nyumba, na ndiyo yanasumbua watu zaidi kuchagua kwa sababu kila moja inachanua karibu mwaka mzima.

Pentasi ni ya kwetu. Inaota yenyewe Afrika Mashariki, utaikuta kwa vichaka na kando ya misitu, ni ya familia moja na kahawa, na hiyo inaonekana kwa venye inavumilia hali ya hapa bila kubembelezwa. Inakua kichaka cha kama kiuno, inatoa vichala vya viua vidogo vyenye ncha tano, kuna nyekundu, waridi, zambarau hafifu na nyeupe. Jeraniamu tunazouziwa hapa asili yake ni Afrika Kusini, ni fupi zaidi, majani ya mviringo yenye harufu ukiyagusa, na rangi zake zinawaka kuliko za pentasi, ile nyekundu ya jeraniamu pentasi haiifikii.

Maji: jeraniamu inashinda. Shina lake ni nene na linahifadhi maji, unaweza kusafiri wiki moja kwenda ushago urudi uikute imesimama, na kwa kweli inauawa na maji mengi kuliko kiu, shina linaoza kutoka chini linakuwa jeusi. Pentasi ikikosa maji Februari inalegeza majani mchana, ikinyweshwa jioni inasimama tena, lakini ukiiacha hivyo wiki mbili maua yanapungua sana. Ukiwekea nyasi kavu juu ya udongo kwa shina, unene wa vidole vinne hivi, inasaidia mno.

Baridi ya Julai: hapa zinakaribiana. Jeraniamu inaendelea kuchanua lakini ule unyevu wa asubuhi unaleta kutu kwa majani, madoa ya rangi ya kahawia upande wa chini, na vichwa vya maua vinaoza kabla havijafunguka vyote. Dawa ni kuzipanda mbali mbali hewa ipite, na unyweshe udongo, si majani. Pentasi inapunguza mwendo bila kuugua, majani mengine yanageuka manjano, halafu Septemba inarudi na nguvu.

Kazi: jeraniamu inataka mkono wako kila wiki, kichwa kikikauka unakivunja na kijiti chake mpaka kwa shina, ukiviacha mmea unakuwa mrefu, mwembamba, na maua yanabaki juu tu huku chini ni vijiti vitupu. Pentasi haina hayo, unaikata mara mbili kwa mwaka kama theluthi moja hivi, mwanzo wa mvua ya Machi na tena Oktoba, basi.

Jambo moja watu hawaambiwi kuhusu pentasi, haipendi udongo wenye asidi nyingi. Udongo wetu mwekundu una asidi kiasi, na ukiona majani ya chini yanapata madoa ya kahawia kwa kingo na maji unatia, jaribu kunyunyiza jivu la kuni kidogo kuzunguka shina, kiganja kimoja, halafu ngoja mwezi. Usimwage debe zima.

Na kuna hili ambalo kwangu mimi linaamua mechi: vipepeo na chozi, wale ndege wadogo wa kunyonya maua. Pentasi ina asali ndani na asubuhi utaona chozi wanarukaruka kwa vichala, vipepeo wanakuja mpaka mtoto anasahau katuni. Jeraniamu nyingi za kupandwa hazivutii kitu, ni nzuri kwa macho lakini hakuna anayekuja kula hapo. Kwa ardhi napanda pentasi bila kufikiria mara mbili. Kwa chungu, gorofa ya nne, balkoni ya upepo yenye jua la asubuhi, hapo jeraniamu, manake pentasi kwenye chungu kidogo inamaliza maji mapema na inakasirika.

Zote mbili zinaota kwa kijiti. Kata kipande cha urefu wa kidole ambacho hakina ua, ondoa majani ya chini, choma kwa udongo uliochanganywa na mchanga, weka kivulini. Cha jeraniamu kiache kwanza mahali pakavu mpaka kidonda kikauke. Ukiwa na jirani mkarimu huna haja ya kununua.

Bogainvilia na plambago kwa ukuta

Bogainvilia kila mtu wa Nairobi anaijua. Barabara zetu zilipakwa rangi na bogainvilia, na Peter Greensmith aliyekuwa msimamizi wa bustani za jiji miaka ya 1950 ndiye anatajwa sana kwa kazi hiyo. Asili yake ni Amerika Kusini, na ile rangi tunayoiita ua ni majani yaliyogeuka rangi, ua lenyewe ni kile kidude cheupe kidogo katikati. Ndiyo maana rangi inakaa wiki nyingi bila kunyauka.

Nguvu yake ni Januari hadi Machi, wakati kila kitu kingine kinalia, yeye ndio anawaka. Ukavu unaisukuma kuchanua, na ukiona ya jirani imejaa rangi na yako ni majani ya kijani kibichi tupu, ujue unaipa maji mengi, ama samadi nyingi, ama haipati jua la moja kwa moja saa sita kwa siku. Acha kunywesha. Ndiyo, acha kabisa mpaka majani yaanze kulegea kidogo, halafu mpe kidogo. Ubaya wake ni miiba, na miiba yenyewe ni mirefu, imepinda, inapasua mpira wa watoto na ngozi ya anayepogoa, na ikiachwa miaka miwili bila kukatwa inabeba uzito wa kuangusha waya wa fensi. Pia kipindi cha mvua nyingi inageuka kijani na kusubiri.

Plambago inatoka Afrika Kusini, ua lake ni buluu ya anga na hiyo rangi si rahisi kuipata kwa mmea mwingine wa fensi. Haina miiba. Inachanua kwa matawi mapya, kwa hivyo kila ukikata baada ya wiki kadhaa inarudi na maua, na ukiipogoa kidogo kidogo haikai bila buluu muda mrefu. Ukavu inavumilia ikishashika mizizi, ingawa maua yanakuwa machache kuliko ukiitia maji. Julai inapoa lakini hainyamazi. Udhaifu wake ni kwamba haipandi ukuta yenyewe, inaegemea tu, lazima uifunge kwa waya ama uiache iwe kichaka kinachotanuka kila upande, na inatoa machipukizi kutoka mizizini mpaka kwa nyasi zako. Vikombe vya maua vinanata pia, watoto wanavibandika kwa masikio kama herini, mbwa anaingia nyumbani amejaa navyo.

Ukitaka fensi inayozuia mtu kuruka, bogainvilia, hakuna mjadala. Ukitaka pembeni ya pahali watoto wanachezea, plambago. Na kama ukuta ni mrefu weka zote, bogainvilia kwa ile kona yenye jua kali isiyofikiwa na mpira wa maji, plambago karibu na mlango, kwa sababu zinapishana: mvua ikizima moja nyingine ndio inaanza.

Kana na deililili

Kwa wenzangu wa blak koton hii ndiyo sehemu yenu. Kana haiogopi matope. Mizizi yake ni minene inakaa kwa maji bila kuoza, na inatoa maua mekundu, manjano na ya rangi ya chungwa karibu mwaka mzima mradi inanyweshwa wakati wa ukavu. Inakula sana, mpe samadi iliyooza vizuri. Shina likimaliza kuchanua likate mpaka chini kabisa kwa udongo, halichanui tena hilo, na kulikata ndio kunaleta jipya. Watu wengi wanaacha hayo mashina makavu halafu wanasema kana ni maua ya kituo cha mafuta, ilhali kana iliyotunzwa ni kitu cha kujivunia. Mahali pazuri pa kuipanda ni pale maji ya kuoshea nguo yanamwagika, bora yasiwe na jiki.

Deililili kila ua linaishi siku moja tu, likifunguka asubuhi jioni limeisha, lakini bua moja linabeba matumba mengi kwa hivyo maonyesho yanaendelea wiki kadhaa, halafu kimya, halafu tena. Inavumilia ukavu kuliko kana. Tafuta aina zisizopoteza majani, zile za nchi za baridi zinazolala msimu mmoja hapa hazipati usingizi wao na zinadhoofika. Mimi kwa kuchanua muda mrefu naipa kana, deililili naiweka mbele yake kufunika miguu.

Gazania na taji la miiba kwa pahali pakavu

Una ile sehemu kando ya geti, changarawe, jua mchana kutwa, hakuna anayekumbuka kuimwagilia. Gazania inaenea chini kama zulia na maua yake ya manjano na chungwa yenye mistari ni ya kupendeza sana, tatizo ni kwamba yanajifunga jioni na siku ya mawingu yanakaa yamejifunga. Sasa fikiria Julai ya Nairobi. Unaweza kukaa siku nyingi mfululizo bila kuliona hata moja limefunguka, na yapo hapo. Kama uko kazini kutoka asubuhi na unarudi giza limeingia, gazania utaiona wikendi tu.

Taji la miiba, ile ya Madagaska yenye shina la miiba na viua viwili viwili vyekundu ama waridi, haifungi. Inachanua miezi yote ikipata jua, inakaa bila maji muda mrefu kuliko zote nilizotaja, na kwa chungu inafurahi. Lakini utomvu wake mweupe ni sumu, ukiingia machoni ni hatari kabisa, na ngozi inawasha. Vaa glavu ukikata na usiipande pahali mtoto mdogo anatambaa. Kwa nyumba isiyo na watoto wadogo nachagua hii. Yenye watoto, gazania na uvumilivu wa Julai.

Lavenda

Swali la lavenda haliishi kwa hivyo nitalijibu kwa ufupi. Ile ya Kiingereza, majani membamba laini ya kijivu, inataka majira ya baridi ndio itoe maua, na Nairobi wengi wanabaki na kichaka cha majani. Ile yenye majani ya kingo za meno meno kama msumeno mdogo inachanua bila kudai baridi, na inaendelea sana. Ukiwa kwa nasari ya miche shika jani uangalie kingo, usitegemee jina lililoandikwa. Zote zinataka jua na udongo unaopitisha maji, blak koton sahau, weka kwa chungu.

Kivulini

Chini ya mti ama upande wa nyumba usiopata jua, bizi lizi na bigonia. Bizi lizi pia ni mzaliwa wa Afrika Mashariki, rangi nyingi, haichoki, ila ikikosa maji siku mbili inaanguka chini yote. Bigonia zile za majani mazito yanayong'aa zinastahimili zaidi. Mwenye maji achukue bizi lizi, wa mgao bigonia.

Waridi na lantana

Waridi hapa linachanua mwaka mzima, si bure nchi hii inauza mawaridi duniani. Lakini siliweki namba moja kwa mtu anayeanza kwa sababu ya Julai: ukungu mweupe kwa majani, madoa meusi, vidukari kwa machipukizi, na unajikuta unanunua dawa kila mara. Kama unapenda kweli na una nusu saa kila Jumamosi, chukua aina za vichala badala ya zile za ua moja kubwa kwa bua, zinachanua mfululizo zaidi.

Lantana nakuomba uiache. Najua inachanua bila kukoma na haihitaji chochote, na hiyo ndiyo shida, ndege wanakula matunda wanasambaza mbegu, imeingia malishoni na misituni ni gugu vamizi, na ng'ombe ama mbuzi akiila inamuharibu ini. Ukiwa na jamaa wa mifugo Kajiado muulize. Pentasi itakupa vipepeo wale wale bila kumdhuru mtu.

Kununua

Nasari za kando ya barabara ziko nyingi, Ngong Road, Kiambu Road, Waiyaki Way, na bei inategemea na mazungumzo yako na gari uliloshuka. Usichague mche uliojaa maua, chagua wenye matumba na matawi mengi kutoka chini, ule uliochanua wote umemaliza nguvu kwa kifuko na ukihamishwa unapumzika muda mrefu. Angalia chini ya kifuko: mizizi mingi iliyotoka na kujizungusha maana yake umekaa hapo sana. Muulize muuzaji kama mche umekuwa juani ama chini ya neti, kama ni neti uuzoeshe jua kidogo kidogo wiki nzima, asubuhi kwanza, kabla ya kuupanda. Wakati mzuri ni Machi mwishoni ama Oktoba mvua ikishaanza kuloweka udongo vizuri, na ukipanda Oktoba mizizi itakuwa imeshuka kabla Januari haijafika. Ukinunua Januari yenyewe kwa sababu ya sherehe ama wageni, usiipande ardhini, weka kwa vyungu kwenye kivuli cha mchana, mwagilia jioni, na uhamishe mvua ikija.